Je, matoleo mawili ya QGIS yanaweza kukaa kwenye tarakilishi moja bila kugombana?

Mchoraji wa Dunga (Kisumu):

Hamjambo nyote. Nachora ramani katika ofisi ndogo ya upimaji ardhi hapa Kisumu, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni visima, mabomba na mitaro ya maji, kuanzia Nyalenda hadi nyanda za Kano. Kwa miaka kadhaa tumetumia QGIS 3.10 (QGIS ni programu ya kuchora ramani) wala hatukuona haja ya kuihama, kwa sababu kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi kwetu alituandikia programu-jalizi (programu ndogo ya nyongeza ndani ya QGIS) inayopanga karatasi ya ramani pamoja na nembo, skeli na jedwali la wamiliki wa mashamba, yote kwa kubofya mara moja. Kijana huyo alishaondoka, na ofisini hakuna anayethubutu kuugusa msimbo wake wa Python.

Mwezi uliopita mteja mmoja alitutumia faili ya mradi iliyohifadhiwa kwa QGIS 3.34. Nilipoifungua kwa 3.10, nilionywa kwamba imetoka kwenye toleo jipya kuliko langu, na alama kadhaa hazikuonekana jinsi mteja alivyozichora. Nikasakinisha 3.34 bila kuiondoa 3.10, nikafurahi kuona aikoni mbili zimesimama pamoja kwenye skrini, na faili ya mteja ikafunguka barabara. Toleo jipya likanijulisha kwamba programu-jalizi tatu zinahitaji kusasishwa, nami nikakubali zote bila kufikiri. Jioni, nilipofungua 3.10 ili nichapishe karatasi za Nyando, nilipokewa na ujumbe mrefu wa makosa ya Python, na menyu ya programu-jalizi yetu ilikuwa imetoweka. Tangu siku hiyo pia, kila mradi mpya ninaouanzisha kwa 3.10 huanza na mfumo wa viwianishi (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani) niliouchagua nikiwa kwenye 3.34, jambo ambalo sikuliagiza popote.

Mwenzangu ofisini anasema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, na kwamba sharti nichague toleo moja nilifute jingine. Mimi nahitaji yote mawili, na kwa kweli nahitaji hata la tatu, kwa maana tunayo miradi ya mwaka 2017 iliyotengenezwa kwa QGIS 2.18 ambayo mara moja moja huulizwa. Kipakatalishi changu kina Windows 10, RAM ya gigabaiti 8, na diski iliyobaki na nafasi ya gigabaiti 40 hivi. Je, hili linawezekana, au nafukuza upepo?

Fundi wa Kondele:

Ndugu, ushauri wangu ni kwamba ufute kila kitu, usakinishe 3.34 peke yake, kisha toleo la zamani uliweke ndani ya mashine pepe, yaani tarakilishi ya kuigiza ndani ya tarakilishi, kwa kutumia VirtualBox. Hivyo ndivyo ninavyowafanyia wateja wangu ambao wana programu za hesabu za zamani zisizotaka Windows mpya. Kila toleo linakuwa na nyumba yake, na hakuna linaloona mali ya jirani.

Soroveya wa Njoro:

Ndugu Mchoraji, pole kwa usumbufu, na tafadhali usifute chochote kabla hujasoma haya. Fundi amesema kweli kwamba mashine pepe hutenganisha mambo kabisa, lakini kwa RAM ya gigabaiti 8 utakuwa umeigawa kati ya Windows mbili, na QGIS yenye picha za setilaiti ndani ya mashine pepe ya namna hiyo itakufanya unywe chai vikombe viwili kabla ramani haijachoreka. Isitoshe, hapa haihitajiki.

Matoleo mawili ya QGIS hayagombani mahali yaliposakinishwa. Kisakinishi cha kawaida cha Windows hulipatia kila toleo folda yake ndani ya Program Files, na ndani ya folda hiyo kila toleo huja na Python yake, Qt yake na GDAL yake, yaani vifaa vyote inavyovitegemea QGIS, ndiyo sababu kisakinishi chenyewe ni kizito hivyo na humaliza bando la watu. Kwa hiyo 3.10 na 3.34 ni majirani wenye jiko na kisima chao kila mmoja. Ugomvi uko kwingine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kisha uandike:

%APPDATA%\QGIS\QGIS3\profiles

Utakuta folda moja iitwayo default. Huo ndio wasifu wa mtumiaji, utaratibu ulioletwa na QGIS 3.0 mwaka 2018, na matoleo yote ambayo namba yake inaanza na 3 hulala kwenye kitanda hicho kimoja yasipoambiwa vinginevyo. Programu-jalizi zimo humo, katika python\plugins. Mipangilio yako imo humo, katika faili ya QGIS3.ini. Uliposasisha zile programu-jalizi tatu ukiwa kwenye 3.34, hukusasisha za 3.34 peke yake, bali ulibadilisha nakala pekee iliyokuwepo, nayo 3.10 ilipokuja jioni ikakuta msimbo unaoita mambo ambayo yenyewe haijawahi kuyasikia. Nashuku kwamba programu-jalizi ya kijana wenu inaegemea mojawapo ya hizo tatu, ndiyo maana nayo ikaanguka pamoja nazo.

Lile la mfumo wa viwianishi nalo limetoka kwenye kitanda hichohicho, na nakuelewa sana, kwa sababu limewahi kuniaibisha. Hapa kwetu mpaka wa kanda za UTM (mfumo unaoigawa dunia katika kanda za kupimia kwa mita) ni longitudo ya nyuzi 36 mashariki, nao unapita kilomita chache tu magharibi ya mji wa Nakuru, hivi kwamba mjini mtu yuko kanda ya 37 na huku Njoro yuko kanda ya 36. Siku moja, nikiwa na kazi ya shamba la Njoro, niliweka Arc 1960 (mfumo wa ramani zetu nyingi za zamani) kanda ya 36 kusini kuwa mfumo wa kuanzia wa miradi mipya katika toleo jipya. Kesho yake nilianzisha kazi ya kiwanja cha mjini kwa toleo la zamani, nikaamini kwamba lina mipangilio yake ya siku zote, na nikachapisha jedwali la viwianishi. Namba za mashariki zilisoma zaidi ya mita 840,000 ilhali zilipaswa kuwa karibu 174,000. Ramani yenyewe ilionekana sawa kabisa kwenye skrini, kwa sababu QGIS hugeuza tabaka zote papo hapo zilingane na mradi, kwa hiyo macho hayakunisaidia. Aliyeligundua ni msaidizi wangu wa uwandani, na hakuacha kunikumbusha.

Sasa tiba. Funga matoleo yote mawili. Nakili folda nzima ya default, uibandike papo hapo ndani ya profiles, na nakala hiyo uiite ofisi310. Kisha nenda kwenye aikoni ya 3.10, uibofye kwa kitufe cha kulia, ufungue sifa zake, na mwishoni kabisa mwa mstari unaoonyesha programu inayoendeshwa uache nafasi moja, uongeze:

--profile ofisi310

Kuanzia hapo, ukiingia kwa aikoni hiyo, 3.10 italala kwenye kitanda chake, nayo 3.34 itabaki na default. Ukitaka usafi zaidi, iundie 3.34 nayo wasifu wake kupitia menyu ya mipangilio, kisha default uiache bila kuigusa. Mimi sasa ninao mmoja wa kanda ya 36 na mwingine wa kanda ya 37, na kila mmoja una aikoni yake yenye jina linalosomeka.

Kumbuka kwamba kunakili folda hakurudishi programu-jalizi za zamani, kwa kuwa utakuwa umenakili zile zilizokwisha kusasishwa. Ndani ya ofisi310 ziondoe zile tatu, uende kwenye hazina ya programu-jalizi za QGIS mtandaoni, ufungue ukurasa wa kila moja na kutazama orodha ya matoleo yake. Kila toleo huandikwa kiwango cha chini cha QGIS linachohitaji. Pakua lile linalokubali 3.10, likiwa faili ya zip, ulisakinishe kwa njia ya zip kutoka ndani ya 3.10 yenyewe.

Kuhusu nafasi na kasi, usiwe na wasiwasi. Toleo lililosakinishwa lakini halijafunguliwa halili RAM hata kidogo, linakalia diski tu, na gigabaiti 40 zinatosha kwa matatu.

Mchoraji wa Dunga (Kisumu):

Asante sana, mkuu. Nimefungua folda hiyo na nimekuta default moja tu, kama ulivyosema, na tarehe za folda tatu ndani ya python\plugins ni za siku ileile niliyosakinisha 3.34. Ni kweli pia kwamba programu-jalizi yetu inaitegemea mojawapo, kwani jina lake limetajwa kwenye mstari wa mwisho wa ule ujumbe wa makosa.

Naomba kuuliza la ziada. Faili za miradi zenyewe je? Nikifungua kwa 3.10 mradi ambao mteja ameuhifadhi kwa 3.34, nikarekebisha kidogo na kumrudishia, kuna hasara? Na 2.18 nayo inahitaji wasifu wake?

Mwalimu wa Maseno:

Naomba niingilie hapo, maana wanafunzi wangu huliuliza kila muhula.

QGIS 2.18 haina utaratibu wa wasifu na haigusi folda aliyoitaja Soroveya. Yenyewe huweka vitu vyake katika folda ya .qgis2 ndani ya folda ya mtumiaji, na mipangilio mingine katika sajili ya Windows chini ya jina la QGIS2. Kwa hiyo unaweza kuisakinisha kando ya yale mengine bila hatua yoyote ya ziada. Elewa tu kwamba ilijengwa juu ya Python 2, ambayo wenyewe waliacha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020, hivyo programu-jalizi za 2.18 hazitafanya kazi kwenye 3, wala za 3 hazitafanya kazi kwenye 2.18. Itumie kusoma miradi ya zamani, si kuanzishia mipya.

Kwa upande wa faili za miradi, jibu langu ni kwamba hasara ipo, na ni hasara isiyopiga kelele. Faili ya qgz ni zip ya kawaida. Ifungue kwa programu yoyote ya zip, utoe faili ya qgs iliyomo, uifungue kwa Notepad. Kwenye mistari yake ya mwanzo kabisa utaona neno version, likifuatwa na namba ya toleo lililouhifadhi mradi pamoja na jina la mji, kwa kuwa kila toleo hupewa jina la mahali: 3.34 ni Prizren, 3.10 ni A Coruña. Yaliyobaki ni maelezo ya XML ya kila tabaka, kila alama na kila maandishi. Toleo la zamani likikutana na kipengele lisichokifahamu, hukiruka na kuendelea. Kwa mfano, tabaka za mawingu ya nukta zilianza katika 3.18, hivyo 3.10 haina habari nazo. Ukitazama tu na kufunga, hakuna kilichoharibika. Ukihifadhi, 3.10 huiandika faili upya kwa yale inayoyajua, na yale iliyoyaruka hayatarudi hata mteja akiifungua tena kwa 3.34.

Mradi, basi, hupanda kutoka toleo la zamani kwenda jipya, na usiushushe. Hata unapoupandisha, uhifadhi kwa jina jingine ili ule wa 2017 ubaki kama ulivyokuwa. Kinachoweza kutembea kati ya matoleo ni data yenyewe. Tabaka za visima vyenu zikiwa katika faili za aina ya shapefile au GeoPackage, 3.10 na 3.34 zote zitazisoma, na kila toleo litakuwa na faili yake ya mradi inayozielekea. Ila usihariri GeoPackage moja kwa matoleo mawili kwa wakati mmoja. Ukiona pembeni yake faili mbili ndogo zenye majina yanayoishia na -wal na -shm, jua kwamba kuna programu bado imeishikilia. Wala usiifute faili ya -wal, kwa sababu huenda marekebisho yako ya mwisho yamo humo.

Kuna jambo jingine ambalo kwa wapimaji wa hapa naliona zito kuliko yote. Ramani zetu nyingi za zamani ziko katika Arc 1960, na kuzihamishia WGS 84, mfumo wa GPS, kunahitaji vigezo vya kusogeza. Bila vigezo hivyo, kisima husogea takribani mita 300. Kuna seti mbili zinazotumika sana Kenya: moja ni -160, -6, -302, na nyingine ni -157, -2, -299. Maktaba ya PROJ inayofanya hesabu hizo ilibadilishwa sana katika toleo lake la 6, mwaka 2019, na namna ya kuchagua seti ikabadilika pia: zamani vigezo viliandikwa ndani ya maelezo ya mfumo wenyewe, na 2.18 hutumia seti ile ya kwanza, lakini siku hizi maktaba huchagua kwa kutazama eneo la kazi na usahihi. Kwa hiyo nukta ileile, faili ileile, inaweza kupishana kwa mita tatu hivi kati ya 2.18 na toleo jipya, na hakuna toleo lenye kosa. Kwa bomba la maji huenda mtu asijali. Kwa mpaka wa kiwanja cha Manyatta, mita tatu ni nyumba ya mtu. Fungua sifa za mradi katika kila toleo, uchague seti moja kwa mkono wako, na uiandike kwenye ukingo wa ramani.

Tena nawe uko Kisumu, upande wa kusini wa ikweta. Mkipata kazi ya kuvuka huku Maseno, ambako ikweta inapita, kumbuka kwamba kanda hubaki ya 36 lakini kusini hugeuka kuwa kaskazini. Wasifu wa tatu hautakuwa anasa.

Mtumiaji wa Bungoma:

Kwa wale wa Ubuntu watakaopita hapa: apt, kisakinishi cha Ubuntu, huweka toleo moja tu la QGIS kwa wakati mmoja, kwa hiyo hiyo si njia. Mimi natumia mazingira ya conda (chombo kinachoweka kila programu na vifaa vyake mahali pake), moja kwa kila toleo, kwa amri kama hii:

conda create -n qgis334 -c conda-forge qgis=3.34

Hata hivyo shida ya wasifu ni ileile, maana mazingira hutenganisha programu lakini hayatenganishi folda yako ya nyumbani. Ongeza --profile huku pia.

Soroveya wa Njoro:

Mwalimu amenikumbusha kitu. Ndugu Mchoraji, kama kuna hati za amri mnazoziendesha nje ya QGIS, kwa mfano zinazotumia ogr2ogr kubadilisha faili nyingi kwa mpigo, fungua dirisha la amri la Windows na uandike:

where ogr2ogr

Mimi nilipoandika hivyo nilipata mistari mitatu: mmoja kutoka QGIS ya zamani, mmoja kutoka QGIS mpya, na mmoja kutoka programu ya hifadhidata niliyokuwa nimeisahau kabisa. Windows hutumia ule wa kwanza tu, kulingana na mpangilio wa folda katika kigeu cha PATH (orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu), bila kukuuliza. Ile programu ya hifadhidata ilikuwa pia imeweka kigeu cha PROJ_LIB kinachoelekea kwenye faili yake ya proj.db, hivyo hati zangu zilikuwa zikitumia programu mpya yenye kamusi ya zamani, na zikakataa kazi kwa kulalamika kwamba proj.db imetoka kwenye usakinishaji mwingine. Nilikiondoa kigeu hicho, na folda zote za QGIS nikazitoa kwenye PATH. Kila toleo la QGIS huja na dirisha lake la amri liitwalo OSGeo4W Shell, ambalo hufunguka likiwa tayari limeelekezwa kwenye vitu vya toleo hilo. Endesha hati zako humo, usiziendeshe kwenye dirisha la kawaida.

Fundi wa Kondele:

Nimesoma yote, na nakubali kwamba kwa QGIS ushauri wangu ulikuwa wa kuvunja ukuta ili kuua mende. Mashine pepe nitaendelea kuzitumia kwa zile programu za hesabu, kwa sababu hizo huandika juu ya faili za mfumo wa Windows wenyewe na hakuna folda ya wasifu ya kuzitenganisha.

Mchoraji wa Dunga (Kisumu):

Narudi na majibu baada ya siku mbili. 3.10 inatumia ofisi310, na programu-jalizi yetu imerudi mara tu niliposakinisha kwa zip toleo la zamani la ile inayoitegemea. Zile nyingine mbili nimeziacha nje kwa sasa, kwa kuwa hakuna aliyeziulizia. Karatasi za Nyando zimechapishwa jana. 2.18 nayo imo, na mradi mmoja wa 2017 nimeufungua nikauhifadhi kwa jina jipya katika 3.34. Nilipolinganisha pampu moja ya Ahero katika yote mawili, tofauti ilikuwa mita tatu na kitu, nikachagua seti moja na kuiandika ukingoni kama Mwalimu alivyoelekeza.

Kilichobaki ni kidogo. Nikibofya mara mbili faili yoyote ya qgz, hufunguka kwa 3.34 hata ikiwa ni ya ofisi, na juzi nusura nihifadhi mradi wa 3.10 humo. Nimewaambia wenzangu wafungue programu kwanza, kisha faili. Kuna njia ya kuiambia Windows iulize kila mara?

Soroveya wa Njoro:

Windows hukumbuka programu moja tu kwa kila aina ya faili, haitazami namba iliyo ndani. Mimi nimeweka miradi ya toleo la zamani kuwa qgs na ya toleo jipya kuwa qgz, kisha kila aina nimeielekeza kwa toleo lake. Ila uelekeze qgs kwenye faili ndogo ya bat inayofungua 3.10 ikiwa na --profile ofisi310 ndani yake, la sivyo 3.10 itafunguka kwa default na utaniuliza tena swali la kwanza.